Nyumba Ilisema Ametulia

Kwa miaka minane nilimfanyia kazi mwanamke mmoja mzee katika nyumba ya Galu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwetu Mwabungo. Nilimwita Mama. Hakunizaa, na hata dini zetu zilikuwa mbalimbali. Yeye alikuwa mtu wa bara, mkunga mstaafu, aliyehamia pwani na mumewe walipomaliza kazi za serikali. Mume alifariki mwaka wa pili baada ya kuhama, vyumba vya nyuma vikiwa bado havijapakwa rangi. Mimi niliingia mwaka uliofuata. Niliajiriwa kufua na kupika, lakini nyumba ya mtu mmoja haina ufuaji wa kumaliza siku, kwa hiyo kazi yangu kubwa ikawa ni kukaa naye.

Mwaka wa tano hivi akaanza kusahau. Mwanzo yalikuwa mambo ya kuchekesha: chumvi kwenye kopo la sukari, miwani ndani ya friji. Baadaye akaanza kuniuliza mumewe amekwenda wapi. Mara ya kwanza nilimwambia ukweli, kwamba amefariki, naye akalia kama mtu aliyeletewa habari asubuhi ile ile. Sikurudia kosa hilo. Siku nyingine nilimwambia ametoka, akatosheka.

Nilimjua kwa vitu vidogo. Akifungua friji akasimama bila kunyoosha mkono, hakuwa na njaa. Alikuwa amesahau alichokifuata, na ukimpa kitunguu akimenye, aliketi akakimenya na roho yake ikarudi mahali pake. Akiweka vikombe viwili mezani alikuwa anamngoja mumewe, nami niliketi nikanywa kile cha pili na mambo yakaisha. Akizungusha ncha ya leso kidoleni alitaka kwenda msalani na aliona haya kusema. Hakuna aliyenifunza hayo. Ukikaa na mtu, utayaona.

Mwanawe alikuwa mmoja tu, anafanya kazi ng'ambo. Alikuja mara moja kwa mwaka. Alimpenda mamake, hilo sitamnyima. Ila alimpenda kwa simu, na simu haionyeshi mtu anazungusha nini kidoleni. Mwaka mmoja alifika siku ambayo mimi nilikuwa nimekwenda matangani Kinango. Alikuta sufuria imeungua mpaka kitako kimetoboka, moto wa gesi bado unawaka, na Mama ameketi kibarazani akipunga moshi kwa mkono kana kwamba unatoka kwa jirani. Alishtuka, na alikuwa na haki ya kushtuka. Kabla ya kurudi alikolipwa mshahara wake, alinieleza kuwa kuna watu Nairobi wanaotengeneza vyombo vya nyumbani vyenye akili. Si vya kuwasha na kuzima tu, alisema, bali vinavyomjua mtu: yuko chumba gani, anafanya nini, amechoka au ana njaa, na vyenyewe vinajua la kufanya. Nilimjibu kuwa ni jambo jema, inshallah.

Mhandisi alikuja mwezi uliofuata. Nilimtarajia mwanamume, kumbe ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, na gari lililojaa maboksi. Aliniita anti, akaomba radhi kwa Kiswahili chake. Alifunga visanduku vidogo vyeupe kwenye pembe za dari. Akabadilisha friji, akaleta jiko la umeme mahali pa lile la gesi, birika la umeme lenye taa ya buluu, na mfereji wa maji unaojifunga wenyewe. Mapazia yakawekewa mota. Sebuleni akaweka spika nyeupe, mviringo kama kifuu cha nazi.

Vyombo vilimchukua siku tatu tu. Siku kumi zilizobaki alikaa jikoni na kompyuta yake, akinitazama mimi na Mama, na kuuliza. Alisema vyombo vinaweza kuona mlango umefunguliwa na mtu amesimama, lakini haviwezi kujua maana yake, na maana hiyo ninayo mimi. Mama akisimama mbele ya friji anataka nini? Unajuaje? Huwa hivyo kila mara? Nilijibu, naye aliandika.

Nitasema kweli, zile siku kumi zilinipendeza. Nimepika na kufua katika nyumba za watu tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kuandika neno langu hata moja. Huyu msomi alinisikiliza akitikisa kichwa, na jioni aliniomba nirudie nililosema asubuhi ili asikosee. Nyumbani nilijisifu kwa dada yangu kuwa ninaifundisha nyumba. Dada yangu aliniuliza, ikishakujua, wewe utakuwa wa nini? Nilimwona ana kijicho.

Siku moja Mama alivurugika. Alizunguka sebuleni haraka haraka, akifungua mlango huu na kuufunga ule, akiita jina la mumewe. Nilimshika mkono, nikamtoa kibarazani, tukachambua mchicha mpaka akapoa. Mhandisi aliniuliza kama hiyo ndiyo dalili. Nikamwambia ndiyo, akizunguka haraka na kufungua milango ujue amevurugika, na akiketi kimya ujue ametulia. Akauliza, kila mara? Nikasema, mara nyingi. Nilikuwa nageuza samaki kikaangoni, mafuta yananirukia, sikuongeza kitu. Ningeongeza mengi. Ningemwambia kuwa Mama huzunguka hivyo hivyo akiwa na furaha, akitafuta chombo cha kupikia, akiimba nyimbo za kanisani kwao, akikumbuka mtoto fulani aliyemzalisha na kutaka kunionyesha jinsi alivyokuja kwa miguu kwanza. Ningemwambia kuwa kuna kimya na kimya. Lakini aliyeuliza alikwisha andika.

Miezi ya kwanza sikuwa na la kulaumu. Mama akiamka, taa za ukumbini ziliwaka moja moja mbele yake mpaka msalani, akaacha kujigonga. Akisahau mfereji, ulijifunga. Jiko lilizimika akiondoka jikoni. Spika ilisema kwa sauti ya kike, Kiswahili safi kilichonyooka, ikimkumbusha dawa na chakula. Mama aliijibu kwa adabu. Aliniuliza yule binti analala chumba kipi, maana hamwoni akila. Nilicheka, nikamweleza kuwa si mtu, ni chombo kinasema. Akanitazama kwa huruma, kama ninayemsengenya mtu aliye chumba cha pili.

Ndipo mwanawe akapiga simu. Alinishukuru sana. Alisema mhandisi amemwambia kuwa bila mimi kazi isingewezekana. Kisha akasema kuwa, kwa kuwa sasa nyumba inajitegemea, sina haja ya kuja kila siku. Nije Jumanne na Jumamosi, nipike vyakula vya siku zote nivitie kwenye vibakuli, nivipange kwenye friji. Nyumba itamwita Mama wakati wa kula. Chochote kikienda kombo, yeye ataona kwenye simu yake huko huko aliko, na askari wa lango yupo.

Nilimwambia Mama hawezi kukaa siku tatu peke yake.

"Hayuko peke yake, dada," akasema. "Nyumba inamwona kuliko wewe unavyomwona. Wewe ukilala, yenyewe hailali."

Nikasema, "Haya." Nilisema haya kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yangu huwa haina maneno. Miaka yote ile ya vikombe vya pili, na mtu ananiambia kisanduku cha darini kinamwona Mama kuliko mimi. Na yale kiliyoyajua kisanduku hicho ni mimi niliyeyasema, jikoni, nikikaanga samaki.

Nilianza kwenda Jumanne na Jumamosi. Siku zilizobaki nilifua mashuka ya nyumba za wageni za jirani.

Wiki ya tatu nilimkuta Mama jikoni, amesimama mbele ya friji. Nilitaka kumpa kitunguu kama kawaida. Kabla sijamfikia aliinua mkono akabisha mlango wa friji, mara tatu, kwa upole, kama anayebisha mlango wa mkubwa wa kazi. Alingoja kidogo ndipo akafungua. Nilimuuliza kwa nini anabisha. Akaninong'oneza kuwa yule binti hapendi watu waingie tu.

Nilikaa siku ile yote nikiangalia. Birika liliwekwa likatae kuchemka akishakunywa chai mara mbili, kwa sababu niliwahi kusema kuwa husahau kama amekunywa. Akilibonyeza mara ya tatu, ile taa ya buluu haikuwaka na sauti ikamwambia, Mama, chai umeshakunywa. Jiko nalo halikuwaka mpaka simu yangu iwe ndani ya nyumba. Bila simu yangu lilikuwa jiwe. Sauti ilimwambia jiko limefungwa, chakula kiko kwenye friji. Akisimama kwenda popote kwa haraka, ilimwambia atulie, aketi, kila kitu kiko sawa. Ilisema kwa adabu siku zote. Haikuinua sauti hata mara moja. Mama alikuwa amezalisha wanawake wa watu kwa mwanga wa taa ya chemni, mkono mmoja ukishika mtoto na mwingine ukizuia damu. Sasa alisimama na sufuria yake mikononi mbele ya jiko lisilomtaka, akaniuliza:

"Mwanangu, nimemkosea nini?"

Nilimwambia hajamkosea mtu. Simu yangu nilikuwa nimeiacha langoni kwa askari; niliifuata, jiko likawaka, nikamwacha asonge ugali mwenyewe. Aliusonga ukatoka madonge, tukacheka. Aliimba. Alizunguka jikoni akitafuta mwiko wake wa zamani, akafungua makabati yote, na sauti ikamwomba aketi. Niliichukua ile spika nyeupe nikaifunika kwa sufuria kubwa ya pilau. Mama alicheka mpaka akashika ubavu.

Nilimpigia mhandisi nikamweleza. Alisikiliza vizuri, akasema atapunguza maneno ya spika, lakini mengine yanahitaji idhini ya mwenye nyumba. Nikampigia mwanawe, maana ndiye aliyehesabiwa mwenye nyumba. Alisema mamake atazoea. Alisema pia kwamba amekuwa akiangalia simu yake, na kwamba siku ambazo siko, Mama hutulia vizuri sana, hasumbuki kabisa. Alisema hivyo taratibu, kama mtu anayekuachia umalizie mwenyewe.

Hapa ndipo penye sehemu yangu, na sitaificha. Nyumba za wageni nilizofulia zilikuwa barabara ile ile. Nilipita mbele ya lango la Mama karibu kila siku, na beseni kichwani. Ningeweza kuingia. Askari wa lango asingenizuia; tulikuwa tunaamkuana, watoto wake nilikuwa nawapelekea mahamri. Siku moja ya Alhamisi, mwezi wa pili, joto limezidi, aliniambia kuwa mapazia ya Mama hayajafunguliwa tangu juzi jioni. Mapazia yalikuwa yakijifunga yenyewe jua likizidi ukali, hilo nililijua. Lakini pia nilijua kuwa Mama hawezi kukaa asubuhi nzima bila kutoka kibarazani. Nilisimama pale langoni na beseni langu. Nikamwambia askari, nyumba inamwona. Nikapita.

Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka jambo dogo liharibike, wanikumbuke. Sufuria iungue, maji yamwagike, mwanawe apige simu akiniomba nirudi. Nilimtakia mama wa watu taabu ndogo ili mimi nionekane. Mungu anisamehe, maana mimi bado sijajisamehe.

Jumamosi nilifika saa tatu asubuhi. Ndani kulikuwa na baridi ya kiyoyozi na giza la mapazia. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mikono imekaa juu ya magoti, mgongo wima, kama abiria anayengoja kuitwa. Nguo yake ilikuwa imelowa na kukauka na kulowa tena. Midomo ilikuwa imepasuka. Nilimwamkia hakuitika, macho tu yalinigeukia. Nilifungua friji. Vibakuli nilivyovipanga Jumanne vilikuwa pale pale, kimoja tu kimefunguliwa na kuliwa nusu. Chupa za maji zilikuwa hazijaguswa.

Nilimpa maji kwa kijiko, kidogo kidogo. Nikamuuliza kwa nini hakuinuka akanywa maji. Alichukua muda mrefu kujibu, na ilibidi niweke sikio kinywani mwake.

"Nikisimama, anasema," akaniambia. "Nyamaza, atatusikia."

Nilimpigia mwanawe hapo hapo, nikipiga magoti sakafuni, mkono mmoja nimemshika Mama. Nilimwambia mamake amekauka kwa kiu, ninampeleka hospitali. Akaniambia ningoje kidogo. Nikamsikia anabonyeza simu yake. Kisha akasema kwa mshangao wa kweli kwamba haiwezekani, kila kitu ni kijani, amekula mara tatu kwa siku.

"Inaonyesha ametulia," akasema. "Tangu Jumatano ametulia kabisa."

"Hajatulia," nikamwambia. "Anaogopa."

Nikakata simu. Askari alinisaidia kumbeba mpaka kwenye tuktuk, tukampeleka hospitali ya Msambweni. Njiani alikuwa mwepesi mikononi mwangu, hana uzito, na alizungusha ncha ya leso yangu kidoleni mwake. Nikamwambia tutafika, Mama, jikaze kidogo. Nikajua pia kuwa hata kama hangejikaza, nguo zake zilishachafuka na haya ilikwisha.

Walimtia maji mshipani. Siku ya pili fahamu zilimrudia kidogo. Kitanda cha jirani kulikuwa na mama mjamzito aliyelazwa kwa malaria, na Mama alimwamuru alalie ubavu wa kushoto, kwa sauti ya kazi, na yule mama akatii. Muuguzi alimuuliza alijifunzia wapi. Mama akaanza kumsimulia, akiwa na sindano mkononi, akichora hewani jinsi ya kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya. Nilikuwa sijamsikia akisema maneno mengi hivyo kwa miezi. Nikatoka nje nikalia nyuma ya jengo la kufulia.

Mhandisi ndiye aliyeniambia baadaye jinsi mambo yalivyokwenda. Nyumba ilipomwita Mama kula, Mama aliinuka kwa utiifu, akabisha, akafungua friji, akaifunga, akarudi kuketi. Mlango wa friji ukifunguliwa baada ya kuitwa, nyumba ilihesabu kuwa amekula, ikamwambia asante Mama. Naye alipoambiwa asante alijua amefanya alilotakiwa. Muda uliobaki hakutikisika. Nyumba ilipima kimya chake ikaona ni raha. Hakuna chombo kilichoharibika. Kila kimoja kilifanya kazi yake barabara.

Mwanawe alifika siku ya nne. Alimkumbatia mamake kwa muda mrefu, na Mama alimpapasa mgongoni akimwita kwa jina la mumewe. Kisha akaniomba tuzungumze ukumbini. Macho yake yalikuwa mekundu kwa safari na kwa kulia. Nilidhani ataniomba radhi, na nilikuwa nimeshajiandaa kumsamehe, nikakiri na kosa langu la Alhamisi.

Alinionyesha simu yake. Kulikuwa na mchoro, mstari wa kijani uliolala chini kama maji ya bwawa, na kila baada ya siku chache vilima vyekundu vimechomoza. Akaweka kidole kwenye kilima kimoja, Jumanne. Kingine, Jumamosi. Jumanne tena. Vyote vilikuwa siku zangu. Alisema hanilaumu, anajua nia yangu ni njema, lakini takwimu ziko wazi. Kila nikija, Mama anavurugika, na huenda mivurugiko hiyo ndiyo iliyomchosha mpaka mwili ukashindwa.

Nilimweleza. Nilimwambia hivyo vilima vyekundu ni Mama anatafuta mwiko. Ni ugali wenye madonge. Ni nyimbo. Ni mamako anacheka, nikasema, hayo uliyoyawekea kidole ni mamako akicheka. Nilikuwa nimepandisha sauti na wauguzi walitugeukia.

Akafungua mahali pengine kwenye simu akanisomea, polepole, kama mtu anayesoma hati ya kesi. Akizunguka haraka na kufungua milango, amevurugika. Akiketi kimya, ametulia. Akaniuliza:

"Hayo si maneno yako?"

Yalikuwa maneno yangu. Hata mpangilio wake ulikuwa wangu. Mhandisi hakukosea herufi. Nilifungua mdomo niseme habari ya samaki kikaangoni, na mafuta, na neno "mara nyingi" ambalo sikuliona kwenye simu ile. Nikaona nitaonekana mjinga. Nikaufunga. Ile Alhamisi nayo sikuitaja. Sikuwa na mtu wa kumwambia.

Walimhamisha bara, kwenye nyumba ya kulelea wazee. Siku ya kuondoka nilikwenda kumuaga. Alikuwa kwenye gari, amefungwa mkanda, amevalishwa sweta katika joto lile. Nilimwambia shikamoo Mama. Akasema marahaba, vizuri tu, kama anavyomjibu mtu yeyote anayepita. Mwanawe alinishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru kwa utumishi wangu. Nadhani hata yeye alikuwa anatafuta mahali pa kuweka mzigo wake, na mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Nyumba ya Galu sasa inapangishwa kwa wageni wa likizo. Msichana anayeifanyia usafi ameniambia kuwa wanaipenda sana. Taa zinawafuata, mapazia yanawafungukia, na sauti inawaambia karibuni kwa lugha wanayotaka. Wakikaa wiki moja wanakwenda zao. Nyumba ya namna ile inawafaa watu wa wiki moja.

Mimi nafua katika hoteli moja ya Diani, chumba cha nyuma chenye mashine sita. Mama alifariki mwaka mmoja baadaye. Nilipata habari kupitia askari wa lango, siku kumi baada ya maziko. Nilitaka kujua kama huko alikokuwa walimwacha atembee. Askari hakujua, na mwanawe sikumpigia.

Mhandisi alinijia Mwabungo baada ya hapo. Alipotea njia mara mbili, akafika na vumbi mpaka kwenye nyusi. Safari hii aliniamkia shikamoo. Nilimtandikia mkeka, nikamletea mihogo na chai ya rangi. Alisema amekuwa halali vizuri. Alisema ameshaondoa ile sehemu ya kuhesabu kimya kuwa ni utulivu, na kwamba friji za sasa zinajua kama chakula kimetolewa kweli. Nilimwambia vyema. Kisha akala kipande cha muhogo kwa muda mrefu kuliko unavyohitaji kutafunwa, akaniambia kuwa amepata kazi nyingine Diani, nyumba ya mzee aliyepooza upande mmoja, na angependa nimsaidie kuuliza maswali yanayofaa. Angenitambulisha kama mshauri.

Nilimjibu simjui mzee huyo. Nikamuuliza kama kuna mtu anayemhudumia. Akasema yupo, mama mmoja wa kutoka upande wa Kombani, amekaa naye miaka sita.

"Basi muulize yeye," nikasema. "Lakini mwambie kwanza majibu yake yatatumiwa kumfanya nini."

Mhandisi alitazama chini. Alisema hilo si lake kuamua, ni la mwenye nyumba, na kwamba wahudumu wakiambiwa mapema wengi hukataa kujibu. Nikamwambia nami ningekataa. Alimaliza chai yake, akanipa mkono kuniaga, nami nikamsindikiza mpaka barabarani maana ni mgeni. Tulingoja gari kando ya barabara. Lilipofika gari la Ukunda alipanda, nami nikarudi nyumbani. Yule mama wa Kombani sijawahi kumwona, na sikuuliza nyumba yenyewe iko wapi ili niende kumwonya. Nilikuwa na nafasi ya kuuliza.